Mtihani wa Kunyamaza

Watu wengine wakiona mzee anaaibishwa huona huruma. Muindi huona chakula. Jumapili hiyo alikuwa kanisani Mumbuni, benchi la nyuma wanapokaa wenye haraka ya kutoka kabla ya sadaka, pale mwalimu wa kwaya alipochoshwa na Munyao. Munyao ni tajiri wa kokoto, na sauti yake haina tofauti na mashine inayosaga mawe yake.

"Mzee, enda kwanza usome muziki chuo kikuu," mwalimu alimwambia mbele ya watu, "ndio urudi hapa."

Alikuwa anatania. Munyao hakuwahi kufahamu utani maishani mwake.

Muindi alimfuata hadi langoni. Yeye mwenyewe aliwahi kusomea muziki chuo kikuu, muhula mmoja, akafukuzwa kabla hajajua kupiga wimbo hata mmoja. Maneno ya wasomi, hata hivyo, alitoka nayo yote.

"Mimi ni mhadhiri," alisema. "Naweza kukufunza digrii kwako nyumbani. Lakini lazima ununue piano."

"Si kanisa iko na kinanda?"

"Hicho ni cha kuombea, mzee. Piano ndio ya kusomea."

Piano ikanunuliwa, kubwa, ya mbao, ikajaza sebule mpaka Wavinya, mke wa Munyao, akawa anapita kwa ubavu. Likabaki tatizo dogo tu: mhadhiri hakujua kuipiga. Hapo akabuni somo ambalo maprofesa wenyewe hawajawahi kuliota.

"Mwaka wa kwanza wa muziki ni kunyamaza," alitangaza. "Asiyejua kunyamaza hawezi kuimba. Ukifungua mdomo kabla sijasema umemaliza, unarudia mwaka."

Basi kila alasiri tajiri mzima, mwenye malori na wafanyakazi, aliketi kwenye kigoda macho kafumba, huku mhadhiri akila kuku wa Wavinya na kukoroma kwenye kochi. Akiamka, alipiga simu zake bila wasiwasi. Alikwisha kumzoea Munyao kama mtu anavyozoea kabati. Ujinga wa namna hii, ukilipiwa karo, huitwa elimu.

Siku ya mtihani, Wavinya alipokwenda kwenye mkutano wa akina mama, Muindi alifika na pikapu na wabebaji.

"Leo mzee utasikia kelele ya kila aina," alisema. "Vitu kuvutwa, watu kuingia na kutoka. Hayo ni majaribu. Usifungue macho, usiseme neno mpaka nitangaze umepita."

Munyao aliitikia kwa kichwa. Piano ilipita mbele ya pua yake, ikagonga mlango, ikapakiwa. Muindi alitaka kumwonea huruma, lakini Kuria, mwenye hoteli kule Mlolongo, alikuwa anaisubiri na pesa mkononi.

Langoni pikapu ilikutana na Wavinya, na nyuma yake akina mama wote. Walikuwa wamehamishia mkutano kwake ili waione hiyo piano inayosifiwa.

"Inaenda wapi?" Wavinya aliuliza.

"Chuoni mama, kukaguliwa. Mzee amekubali. Muulize."

Wakarudi sebuleni.

"Baba Kasyoka, ni wewe umempatia huyu piano?" Wavinya alimuuliza mumewe.

Kimya.

"Mzee, si uwaambie," Muindi alisema.

Kimya. Wabebaji waliruka ua. Mama mmoja alitoka, akarudi na kamba ya kuanikia nguo. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Muindi alikuwa amekichimba kirefu.

"Mzee, mtihani umeisha," alisema. "Umepita. Sasa ongea, tafadhali."

Munyao akafumbua macho. "Nimepita kabisa?"

"Daraja la kwanza."

"Mmesikia nyote?" Munyao akawauliza akina mama. "Basi mfungeni. Ni mwizi. Juzi nikiwa hapa kwa kigoda alimuuzia Kuria wa Mlolongo piano yangu kwa simu. Ukinyamaza sana, unaanza kusikia."

"Na mbona ukamwacha abebe?" Wavinya aliuliza.

"Ningeongea, ningerudia mwaka."

Wakati wakingoja polisi, msomi mpya aliona asherehekee digrii yake. Alisimama katikati ya sebule, pale piano ilipokuwa, akakohoa, akaimba. Akina mama walikumbuka kazi za nyumbani, wakatoka mmoja mmoja, Wavinya akiwa wa kwanza. Muindi alitaka sana kuziba masikio, lakini mikono yake ilikuwa imefungwa kwa nyuma.