Habari za Victorine na Sufuria Iliyovikwa Blanketi

Enyi mlioketi vibarazani Bellevue, enyi wa La Rochelle mliokwisha kupakua, nanyi wa Randburg mnaosema mko njiani kumbe bado mnaoga, wekeni simu chini mnipe masikio! Naja na habari za vita ambamo hakikumwagika kitu ila mchuzi kidogo: vita vya Victorine binti Kahindo wa Butembo, msusi wa mtaa wa Rockey, mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi, aliyeilinda sufuria ya maharage isifunuliwe. Ewe jua la Joburg, nitie nguvu nisimulie. Nawe betri ya kanisa, usinizimikie katikati.

Jueni kwamba kanisa letu limo katika ukumbi wa kupanga, na tangu wezi waondoke na kebo ya mtaa, hatuna umeme ila wa sola, yaani paneli chache juu ya bati na betri moja nyuma ya mimbari. Gesi na kuni mwenye ukumbi kazipiga marufuku. Basi Jumapili moja Maman Benita, malkia wa jikoni, mshika upawa tangu kanisa lilipozaliwa, alichomeka jiko lake la umeme. Saa ileile Pasta Gustave alikuwa akimkemea Shetani kwa nguvu zake zote. Maiki ikakata, taa zikazimika, na Shetani akapata nafuu.

Wazee wakaketi, wakataka chakula cha baada ya ibada kifutwe. Hapo nasema bila mzaha: iliuma. Wapo kwetu walinzi kama Joël, wanaotoka lindo asubuhi na kulala vyumba visivyo na jiko, na sahani ile ndiyo chakula pekee cha kikwao wanachokipata kwa wiki nzima.

Ndipo akainuka Kagendo wa Randburg, injinia Mkenya, anayetufundisha kila Jumamosi mambo ya sola na matumizi ya umeme. "Jameni," akanena, "taa inakunywa stima kidogo tu. Kitu chochote cha kupasha moto ndicho kinamaliza betri. Lakini sufuria ikishachemka, haihitaji moto mwingine. Inahitaji tu kuzuiwa isipoe. Muifunike vizuri, muiache."

Wazee wakacheka. Victorine hakucheka. Akaapa mbele ya wote kwamba atalisha kanisa bila kuigusa betri. Wakampa Jumapili moja tu. Akishindwa, chakula kimekwisha, na masomo ya Kagendo yamekwisha pia.

Jumapili ilipopambazuka, shujaa wetu aliyachemsha kwake, mtaa wa pili, maharage aliyoyaloweka tangu jana yake, akayatia mawese na vitunguu, yakatokota kisawasawa. Kisha akaifunga sufuria kwa mablanketi mazito, akaizamisha ndani ya kapu, naye Joël akalibeba hadi jikoni mwa ukumbi kana kwamba amebeba mtoto mchanga. Victorine akaketi kando yake, mgongo wima, macho makali.

Haukupita muda akaingia Maman Benita, upawa mkononi. "Maman Victorine, njo nini hii? Maharage mu blanketi! Iko na homa? Fungula nione kama inaiva!"

"Maman, kwa heshima yako yote, apana. Ukifungula, moto unatoroka, na hatuna mwingine wa kuurudisha. Acha ilale mpaka ibada iishe."

Upawa ukasogea. Victorine akalikumbatia kapu kwa mikono miwili. Wakatazamana hivyo mpaka wimbo wa kwaya ukaisha.

Lahaula! Ndipo sauti ya Pasta Gustave ikasikika kwenye maiki: "Wapendwa, mmenilalamikia kwamba mahubiri yangu ni marefu. Leo nitasema kwa kifupi tu." Kanisa likajibu amina ambayo haijapata kusikika Bellevue.

Victorine akaruka wima. Maana nani aliyekuwa akilalamika kuliko wote? Ni yeye, ambaye miguno yake ilikuwa ikifika hadi kiti cha mbele! Na maharage yalihitaji kukaa humo hadi adhuhuri ndipo yaive. Akamtazama adui yake, hana mwingine wa kumtegemea. "Maman Benita, ninakuachia. Tafadhali, usifungule." Akatoka mbio.

Akasimama katikati ya kanisa. "Pasta, samahani. Ile habari ya Nuhu uliyotuhubiri mwezi jana hatujaielewa vizuri. Utuelezee tangu mwanzo."

"Tangu mwanzo, binti?"

"Tangu ubao wa kwanza, Pasta."

Kanisa likaguna. Bali macho ya Pasta yakalengwa na machozi, maana katika miaka yake yote ya utumishi hakuna aliyewahi kumwomba aendelee. Akaijenga safina ubao kwa ubao, akawaingiza wanyama wawili wawili, hata wale wasio na majina, na maiki haikutetereka hata kidogo. Mvua ya gharika ilipokatika, jua lilikuwa utosini.

Victorine akarudi jikoni mbio. Akamkuta Maman Benita amesimama mbele ya kapu, mikono kaitanua, akimzuia mzee Ignace aliyekwishashika sahani. "Rudia nyuma, papa! Ukifungula, moto unatoroka!"

Wakalifungua pamoja. Mvuke ukapanda, maharage yakabonyea yenyewe. Joël akala akiwa amefumba macho mpaka sahani ikawa nyeupe. "Ni ya kwetu kabisa," akasema, akaomba tena. Naye Maman Benita akauviringisha waya wa jiko lake la umeme, akalitia ndani ya mfuko mkubwa kulirudisha nyumbani, kisha akamkabidhi Victorine upawa.

Hivyo ndivyo chakula chetu kilivyookolewa, na vizazi vijavyo vya Bellevue vijue. Pasta Gustave alikuwa amekaa akipangusa mdomo, akimsikiliza Kagendo akieleza siri ya blanketi.

"Na sombe, ile mboga yetu ya majani ya muhogo, binti Victorine, inahitaji muda mrefu zaidi?"

Kanisa zima likamtolea macho ya kumsihi. Lakini shujaa hasemi uongo. "Mrefu zaidi, Pasta."

"Vema," akasema kwa furaha. "Jumapili ijayo pikeni sombe. Nitahubiri kitabu cha Hesabu, chote."

Mimi nimeshatafuta mto wa kukalia.