Mafuta Mazito ya Gavril

Jumatatu, 8 Januari. Nyuzi 51 chini ya sifuri.

Wiki yangu imefika! Mzee Innokenty, fundi mkuu wa gereji yetu ya barabara, anastaafu Ijumaa. Miaka kumi na tisa nimekuwa naibu wake. Kiti ni changu, nani asiyejua? Tatizo dogo tu: Sargylana. Msichana wa juzi, kasomea mjini, mikono haijaota hata sugu. Mzee katangaza kwamba atakayechagua mafuta bora ya haidroliki, ya kuinulia beleshi la tingatinga katika baridi hii, ndiye atakayemrithi. Alhamisi lazima tusafishe njia juu ya mto ulioganda, malori yavuke kwenda kutuchukulia makaa na unga.

Sargylana kachagua mafuta mepesi. Mepesi kama chai ya mgonjwa! Mimi nimechagua mazito. Farasi wetu hulala nje msimu mzima wa baridi. Wanapona kwa nini? Kwa unene! Na mafuta ni hivyo hivyo. Nilimweleza mke wangu, Matryona. Akasema mbona mimi ni mnene na asubuhi siinuki. Wivu huo.

Jumanne, 9 Januari. Nyuzi 50.

Mashindano ya chupa, kama desturi ya gereji. Kila mmoja anaacha chupa ya mafuta yake nje, asubuhi inainamishwa mbele ya watu. Niliwahi mapema kuichungulia yangu. Lo! Siagi tupu. Niliipindua kichwa chini miguu juu, halikudondoka tone. Sikubabaika. Nikaitia kwapani, ndani ya koti la manyoya, saa nzima.

Zamu yangu ikafika. Nikainamisha. Shwaa! Sargylana akaishika chupa, akauliza, "Kaka Gavril, mbona chupa yako ina homa?" Nikamjibu kwamba mafuta bora hutunza joto lake. Mzee alicheka hadi akakohoa. Akaamua kila mtu ajaze mafuta yake kwenye tingatinga lake, kisha aliendeshe mwenyewe. Yaani ananiamini kabisa.

Jumatano, 10 Januari. Nyuzi 52.

Nimejaza. Ndani ya gereji, karibu na majiko, beleshi lilipanda na kushuka vizuri mno. Sargylana akaja na maneno matamu. Eti mafuta yangu yataganda huko mtoni, eti anigawie nusu pipa la yake, hatamwambia mtu. Hila! Nikamwambia, mdogo wangu, nilikuwa nafungua pampu wewe ukinyonya. Akaondoka.

Mchana nimepima ofisi ya mzee kwa hatua. Meza yangu nitaiweka dirishani.

Alhamisi, 11 Januari. Nyuzi 54.

Kabla ya kutoka nimeulisha moto wa jikoni chapati, kama walivyofanya wazee wetu. Moja ya barabara, moja ya tingatinga, moja ili Sargylana akwame. Matryona akanikumbusha kwamba moto haupokei majungu.

Nilifika ukingoni salama. Nikaacha injini inanguruma, maana katika baridi hii nani huzima? Nikaingia kibandani kunywa chai na madereva wa malori, niwaeleze mipango yangu ya ufundi mkuu. Mipango ilichukua saa nzima.

Niliporudi, beleshi likashuka lenyewe kwa uzito wake. Kupanda? Thubutu! Pampu ikalia kama nguruwe anayechinjwa. Nikavuta wenzo wa beleshi kwa nguvu zaidi. Paa! Pampu ikafa. Tingatinga limeziba njia pekee ya kushukia mtoni, malori kumi na moja nyuma yangu. Dereva mmoja akapaza sauti, "Fundi mkuu, tukuletee godoro?"

Sargylana akaja na tingatinga lake, akachonga njia pembeni, beleshi lake likicheza juu chini. Malori yakapita. Kisha akanifunga mnyororo, akanivuta hadi gereji. Niliketi wima ili watu wadhani naongoza msafara. Nitaandika hapa tu: niliona aibu hadi nikatamani barafu ipasuke.

Ijumaa, 12 Januari. Nyuzi 49. Baridi imepungua kidogo.

Funguo kapewa Sargylana. Nilipiga makofi kuliko wote, wasije wakasema. Baadaye akaniita kando. Kasema, "Kaka Gavril, mapipa unayajua kuliko sisi sote. Stoo ni yako. Ila pampu tuachie sisi." Heshima kubwa hiyo! Bila stoo, gereji ni nini?

Nimekaa stoo tangu saa sita, nimetafakari, na kosa la jana nimeligundua. Hayakuwa mazito vya kutosha. Nimeandika oda ya mapipa kumi na mawili, yale mazito kupita yote. Fundi mkuu mpya alikuwa anapongezwa na watu, akatia saini bila kusoma. Pampu itakayobebeshwa mafuta yale itanikumbuka.