Kiti cha Mbele cha Haraka ya Nini

Jumatatu, 4 Agosti

Habari kubwa Voi! Mzee Mwangangi anastaafisha lori lake. Lile Leyland kuukuu la pua ndefu, la buluu, lililoandikwa HARAKA YA NINI juu ya kioo. Jumamosi linafunga safari ya mwisho kwenda kupumzika nyumbani kwake Mata. Na mzee ametangaza shindano. Atakayemuundia mfano bora wa lori hilo, mdogo wa kuweka mezani, atakaa kiti cha mbele safari nzima na kupiga honi mpaka achoke. Kiti ni kimoja.

Kiti hicho ni changu. Nikiwa mtoto kule Wusi, lori la pua lilikuwa likija kuchukua kabichi. Kila mara dereva aliniambia, Obadiah, wiki ijayo nitakupandisha. Sasa nina mvi. Wiki ijayo haijafika. Jambo hili limeniuma maisha yangu yote na sioni haya kuliandika.

Mpinzani ni Oduor, jirani yangu, fundi wa reli. Anaunda malori kwa makopo ya mafuta ya kupikia. Milango inafunguka. Hata waipa zinasogea! Mimi fundi wa redio na pasi, malori yangu hayafunguki popote. Lakini yana moyo.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata mti. Mti wa mkonge, mkavu, mwepesi, unachongeka kama sabuni. Wengine huenda kununua mashambani. Mimi nimeng'oa mmoja kwenye ghala la mahindi la mke wangu Lois. Ulikuwa nguzo ya kona. Zimebaki nguzo tatu. Jiko nalo lina mafiga matatu na sufuria haijawahi kulalamika.

Lois ameuliza kwa nini ghala limeinama. Nikamwambia ni upepo. Akasema, "Baba Daisy, huo upepo uko na msumeno?" Nikaendelea kuchonga. Mtu mwenye shughuli hajibu kila kitu.

Magurudumu nimeyakata kwenye lapa. La Lois. Yangu bado ni mapya.

Jumatano, 6 Agosti

Leo hila. Nimekwenda kwa Oduor kuazima msasa, yaani kupeleleza. Nimeliona lori lake. Mungu anisamehe, wivu ulinipanda mpaka kooni. Kila msumari mahali pake. Limebaki kupakwa rangi tu, na kopo la buluu alikuwa analifungua.

Nikamshika bega kama ndugu. Nikamwambia buluu asithubutu, Mzee Mwangangi ameichoka buluu. Roho ya mzee iko kwenye kijani. Kijani cha ndizi mbichi. Uongo mtupu, nimeutunga pale pale mlangoni! Oduor akafunga kopo. Akanishukuru, akasema mimi ni mtu wa maana. Mkewe Branice akanipa bakuli la omena wa kukaanga nimpelekee Lois.

Nimewala njiani. Walikuwa watamu.

Alhamisi, 7 Agosti

Muujiza! Lori langu limepata sauti!

Adhuhuri, dukani, jua la kuchoma mabati. Rangi ya buluu ilikuwa ndiyo kwanza imekauka. Nikasikia krrr, krrr, krrr. Nikazima redio ya mteja. Bado krrr. Nikaweka sikio kwenye boneti. Injini! Inanguruma kama lori lenyewe linapojiandaa kwa mlima. Nadhani ni mti unatanuka kwa joto. Au ni kipaji changu. Sitachunguza sana, baraka haichunguzwi.

Kuna unga laini chini ya magurudumu. Nimeupangusa, umerudi. Mabaki ya msasa, bila shaka.

Lois alileta chakula, akautazama ule unga, akauliza mti nimeutoa wapi. Nikasema kwa mtu fulani. Akasema kwao Mata hata mtoto anayetambaa anaujua unga huo. Nikamkumbusha hapa ni Voi.

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika kwa shida. Nitaandika yote.

Tulikutana jioni maegesho ya malori. Haraka ya Nini lilikuwa limeshapakiwa magunia ya mahindi ya kupeleka nyumbani kwa mzee. Mutinda kinyozi alileta tuktuk ya udongo. Akaambiwa lilitangazwa lori, akakaa chini. Nikaja mimi. Nikamwomba Mzee Mwangangi ainame, aweke sikio kwenye boneti. Akaweka. Macho yakamtoka. Akatangaza kwamba lori linanguruma! Watu wakajazana. Oduor mwenyewe aliinama, akasikiliza, akanyong'onyea. Nikasema ni siri ya fundi. Kile kiti nilikiona kwa macho yangu, kimefunguliwa mlango.

Kisha mzee akasema lori bila mzigo ni picha tu. Akachukua mfuko wa maharagwe akauweka nyuma.

Lori likakohoa unga. Pua ikadondoka. Ekseli ikafuata. Na kutoka kwenye tundu la injini wakaanza kushuka dumuzi, weusi, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kama abiria waliofika kwao.

Mama mmoja muuza mahindi akapiga ukelele, "Dumuzi! Dumuzi!" Nani hapa asiyemjua mdudu huyo? Akiingia ghalani, gunia la mahindi hugeuka vumbi. Mtu akisikia jina lake hukimbilia ghala kwanza, watoto baadaye. Waliokuwepo waliwakanyaga wale wadudu kwa hasira zote, na kazi yangu ya wiki ikakanyagwa pamoja nao. Buti la mwisho lilikuwa la Mzee Mwangangi mwenyewe. Mutinda akasema kikulacho ki nguoni mwako. Nitatafuta kinyozi mwingine.

Bado nilikuwa na tumaini moja. Rangi! Oduor akafunua lori lake. Kijani cha ndizi mbichi, linang'aa. Nikasubiri mzee akasirike. Mzee akatoa ufunguo mfukoni, akaenda kwenye Haraka ya Nini, akaukwaruza mlango. Chini ya buluu, kijani. Kijani kile kile! Akasema hivyo ndivyo lilivyokuwa siku aliyolinunua, marehemu mkewe akiwa kiti cha mbele na honi mkononi. Mzee akalia mbele yetu sote. Kisha akamuuliza Oduor amejuaje.

Oduor hajui kudanganya, ni ugonjwa alio nao. Akaninyooshea kidole. Akasema, "Ni huyu ndugu yangu aliyenishauri." Wakanipigia makofi. Sijawahi kupigiwa makofi yanayouma namna ile.

Sasa sikia. Oduor, mshindi, akasema yeye ni mtu wa treni. Ndani ya lori hutapika kabla halijatoka getini. Akaomba kiti nipewe mimi.

Mimi! Moyo uliruka. Lakini mtu wa heshima hapokei mara ya kwanza kama mwenye njaa. Hukataa kwanza, kisha hubembelezwa, kisha hukubali shingo upande. Kila mtu anajua. Nikasema hapana, mimi siokoti makombo ya mtu. Nikageuka pembeni nibembelezwe.

Hakuna aliyebembeleza. Oduor akasema, "Sawa, ndugu yangu, nimekuelewa." Na nyuma yangu nikasikia sauti ya Lois, lapa moja mguuni, ikisema yeye atashukuru sana, maana ana dada yake Mata.

Jumamosi, 9 Agosti

Limepita asubuhi mbele ya duka langu. Lois kiti cha mbele, kitambaa kipya kichwani, viatu vya kanisani, mkono kwenye kamba ya honi. Hakuiachilia tangu stesheni! Mzee alikuwa anacheka kwenye usukani. Sijawahi kusikia honi nzuri kama ile. Nilipunga mkono kabla sijakumbuka kwamba nimekasirika. Kisha nikaingia ndani nikalia kidogo, nyuma ya pasi za watu.

Jumapili, 10 Agosti

Lois amepiga simu kutoka Mata. Anasema mzee amelaza lori bandani na hana kinyongo. Nikimpelekea mfano mwingine, ulio mzima, ataniruhusu nikae kitini nipige honi, hata kama lori limesimama. Halafu Lois akasema nisiliguse ghala, ataliangalia mwenyewe akirudi.

Sikwenda kanisani. Nimekaa nikatafakari makosa yangu kwa unyenyekevu. Nimelipata. Kosa lilikuwa yale maharagwe. Safari hii hakuna mzigo. Mzee asikilize injini, asifu, aridhike, mimi nipande.

Nimekwenda ghalani kutazama tu. Nguzo ya mbele ni kavu kuliko ile ya kwanza. Nimeweka sikio. Krrr, krrr, krrr. Hii ni injini kubwa zaidi, hata mlima wa Wusi itaupanda.

Msumeno nimeupata. Na lile lapa la pili, Lois ameliacha mlangoni.