Somo la Wageni

Jumatatu, Juni 9

Nimepata wazo la maana! Nimelipata nikinyoa ndevu, kwa hiyo nimejikata kidevu.

Hali ni hii. Mimi, Mathews Khaemba, mwalimu mwanafunzi wa fizikia, nimetupwa katika shule ya sekondari karibu na Luanda Kotieno, ukingoni mwa ziwa. Chuo chetu kinashikilia kwamba walimu wa sayansi waandaliwe palepale penye shida. Shida ipo ya kutosha, sikatai. Maabara yetu ni meza moja na popo wengi. Mwezi huu mkaguzi kutoka chuoni atakuja kutupima darasani. Atakayepata alama za juu atachagua kituo chake kwanza. Nakitaka kimoja tu: ile shule ya Kisumu mjini, yenye maabara halisi, karibu na Kaloleni anakokaa Terry.

Terry ni mchumba wangu. Amesema wazi hataki mume wa kuonekana Krismasi kwa Krismasi. Nikiukosa mji, nitamkosa na yeye. Naogopa, na mimi si mtu wa kuogopa.

Sasa wazo. Kila nyumba ina vikombe vya wageni. Kwa nini darasa lisiwe na somo la wageni? Tutachagua kipindi kimoja, tukifanyie mazoezi na Kidato cha Pili mpaka kiive, kisha tumsubiri mkaguzi.

Jumanne, Juni 10

Mada: kwa nini vitu vingine husimama imara na vingine huanguka. Chupa mbili za plastiki. Ya kwanza ina mchanga chini, ukiisukuma inarudi. Ya pili nimeifunga jiwe shingoni, ukiipulizia tu inalala. Nimeiita Mjomba Siku ya Arusi. Darasa limecheka hadi machozi. Kipaji!

Mwenzangu kutoka chuoni, Janice Wamaitha wa kemia, anazunguka ua wa shule akichuma maua mekundu. Ana bidii ya kuudhi. Eti atayachemsha apate maji yanayobadilika rangi yakikutana na ndimu au majivu. Nimemtakia heri, lakini si kwa moyo.

Alhamisi, Juni 12

Mazoezi tena. Kila mwanafunzi sasa ana swali lake na jibu lake. Atieno, kiranja wa darasa, ameuliza kwa heshima tutaanza lini mada nyingine. Nimemwambia haraka haraka haina baraka.

Nimeweka ulinzi pia. Mama anayeuza mandazi pale njia panda atanipigia simu akiona gari la chuo likitoka upande wa Kisumu. Barabara ni moja tu. Atapitia wapi?

Jumanne, Juni 17

Sijui ni mazoezi ya ngapi haya. Leo wamecheka kabla sijamtaja Mjomba. Dalili nzuri! Mwalimu mkuu, Mzee Ondiek, ameuliza mbona darasa langu linacheka kicheko kilekile kila siku, saa ileile. Nimemweleza kwamba ni mbinu ya kisasa. Ameondoka akitikisa kichwa, nadhani kwa kuvutiwa.

Maji ya Janice yametoka rangi ya matope. Nimefurahi, nikajinunulia samaki mzima.

Alhamisi, Juni 19

Amekuja. Kwa feri!

Daktari Nabututu, mkaguzi wetu, alikuwa Mbita, ng'ambo ya pili, akipima wenzetu, akavuka ziwa asubuhi. Mama wa mandazi alinipigia saa tisa kunihakikishia kwamba barabara ni shwari.

Alianza na Janice. Nilisikia kelele, nikachungulia. Maji yalikuwa yamegoma kubadilika, wanafunzi wanabishana, mmoja anadai majivu yalikuwa machache. Janice akawaambia hata yeye hajui, watafute wenyewe. Mwalimu kusema hajui, mbele ya mkaguzi! Karibu nimhurumie.

Zamu yangu. Nikatoa chupa ya kwanza. Darasa zima likaguna, kama watu walioletewa maharagwe siku ya saba mfululizo. Nikaanza kuuliza swali la kwanza. Sijafika katikati, Byron wa dawati la mbele akalijibu. Aliyefuata akajibu la pili, ambalo sikuwa nimeliuliza. Wakamcheka Mjomba akiwa bado ndani ya mfuko. Kipindi cha dakika arobaini kikaisha kabla jasho halijanikauka, na sikuwa na kingine cha kusema. Nikapangusa ubao ambao haukuwa na kitu.

Ndipo Daktari akaomba aulize swali dogo. Kwa nini ukiwa ndani ya mtumbwi unaambiwa ukae, usisimame? Nikashusha pumzi. Hawa ni watoto wa ziwani, nusu yao hupiga makasia kila Jumamosi!

Wote wakanitazama mimi. Mwishowe Atieno akasimama, mikono nyuma.

“Sorry Madam. Hiyo swali Mwalimu hajatupea jibu yake.”

Ijumaa, Juni 27

Matokeo. Janice wa kwanza. Daktari amemsifu kwamba wanafunzi wake walifikiri. Mimi nitarudia muhula mzima, hapahapa, na popo.

Janice amechagua Kisumu. Nimempigia Terry. Amecheka mpaka nikaiweka simu mbali na sikio. Amesema atanivumilia muhula mmoja, si zaidi ya hapo. Halafu akaongeza kwamba chumba cha nyuma ya kwake kimepata mpangaji leo hii kwa simu, mwalimu mmoja mzuri sana, anaitwa Janice.

Nimelia kidogo. Ndiyo, nimelia.

Jumatatu, Agosti 25

Shule zimefunguliwa. Nimetafakari likizo yote na nimeliona kosa langu. Tulikuwa wazuri kupita kiasi! Mkaguzi anapenda fujo. Basi atapata fujo, lakini yenye mpangilio.

Nimewagawia makosa. Byron atakosea swali la pili, aone haya, ajirekebishe. Wawili wa dirishani watabishana kuhusu mchanga. Maneno ya ubishi nimewaandikia. Mimi nitasema sijui, kwa sauti nzito, nikitazama ziwa. Swali la mtumbwi limepata jibu. Na mama wa mandazi ana dada anayeuza omena, wale samaki wadogo, pale feri inapotia nanga. Tumeshapatana.

Terry hataamini macho yake.

Atieno peke yake ndiye mwenye wasiwasi. Ameuliza itakuwaje Madam akija na swali jingine kabisa. Swali zuri, nimempongeza. Nimempa la kujibu: ainamishe kichwa, ashike kidevu, aseme, “Ngoja kwanza nifikirie, Madam.”

Tumelifanyia mazoezi mpaka kengele ikalia.