Vibomba Vinne vya Kaka

Jumapili, 2 Juni

Leo Shemeji, mjane wa Kaka, ameliwasha gari tena, kama kila Jumapili tangu tumzike Kaka. Anafungua mlango wa gereji ya uani, anabonyeza swichi, injini inanguruma. Mama, ambaye macho yake siku hizi yanaona vivuli tu, anageuza kiti dirishani na kusema: huyo amerudi. Kisha anatabasamu. Ndilo tabasamu lake pekee la wiki nzima. Baada ya hapo hula vizuri, hulala vizuri, hata mimi hunisemesha vizuri.

Kaka aliliunda gari lile mwenyewe, miaka na miaka, kwa ajili ya mashindano ya kupanda kilima. Maradhi yakamchukua kabla hajapanda. Mashindano ni Jumamosi hii na gari litakwenda. Swali: nani ataendesha?

Jibu la mtu yeyote mwenye akili timamu: mdogo wake wa damu. Yaani mimi.

Jibu la Shemeji: Fundi Miwani! Mtu baki! Eti ndiye aliyefanya kazi na Kaka, eti ndiye analijua gari. Amekaa gerejini anakunywa chai kwa kikombe cha Kaka, kile cha bluu kilichovunjika mkono. Nilimtazama kwa jicho baya. Hakuona. Na miwani yote ile!

Jumatatu, 3 Juni

Nimepanga njama. Rahisi, safi. Nimeuona ufunguo umetundikwa ukutani gerejini, nikauficha ndani ya mto wangu. Bila ufunguo hakuna Fundi Miwani.

Kumbe gari la mashindano halina ufunguo. Lina swichi tu. Ufunguo nilioiba ni wa kabati la Mama, Shemeji alikwenda kuunyoosha kwa nyundo akausahau pale. Mama alitaka sweta la Kaka, lile analofunika magotini, na lilikuwa limefungiwa humo. Asubuhi nzima anapapasa juu ya meza, chini ya kitanda, juu ya meza tena. Nikajifanya nimeuokota uvunguni. Akanishukuru, akaniombea dua ndefu. Nilijisikia vibaya mpaka wakati wa chakula.

Jumanne, 4 Juni

Nimebadili mbinu. Nitalifanya gari liwe na kasi kuliko alivyoliacha Kaka. Wakiona, watanibembeleza wenyewe niendeshe. Nikamwomba Fundi Miwani anieleze injini, kwa sauti ya unyenyekevu kabisa. Kaingia mtegoni! Kaeleza yote. Ila ananiita bwana mdogo. Mimi nina mvi.

Injini ina silinda nane, nne kila upande. Kila upande una hedi yake, kile kichwa cha chuma kinachofunika silinda kwa juu. Maji hupita ndani ya hedi kuipoza. Juu ya kila hedi, mbele na nyuma, Kaka alitoboa tundu na kufunga kibomba chembamba kama penseli. Jumla vinne, vyote vinaishia kwenye tangi dogo la maji lililoinuliwa juu, karibu na kioo. Nikauliza vya nini. Akasema injini ikikimbizwa sana, maji huchemka kwenye pembe za juu za hedi hata kama rejeta, kile kipoza maji cha mbele, ni nzima. Mvuke unajikusanya pale. Palipojaa mvuke maji hayafiki, na maji yasipofika chuma kinaungua. Kwa hiyo mvuke uachiwe njia utoke. Akasema Kaka aliunguza hedi mbili kabla ya kuligundua hilo, na siku aliyogundua alicheza uani peke yake, na spana mkononi.

Mwisho sikuusikiliza vizuri. Nilikuwa nakumbuka Jumapili: fsss, fsss, mapovu yanatoka kwenye tangi. Mvuke! Mvuke uliovuta magarimoshi! Mvuke unaorusha kifuniko cha sufuria! Na Kaka, Mungu amrehemu, alikuwa anaumwaga bure. Nguvu inavuja kupitia matundu manne na hakuna anayeliona hilo isipokuwa mimi. Nilirudi chumbani natetemeka kwa furaha.

Alhamisi, 6 Juni

Shemeji na Fundi Miwani walikwenda kuliandikisha gari. Nikaingia kazini. Nimevichomoa vibomba, nimeziba matundu yote manne kwa bolti fupi, nimekaza mpaka mishipa ya shingo ikanitoka. Ncha za vibomba nimezificha. Bolti nimezipaka rangi nyekundu, maana kazi nzuri ipendeze. Kisha nikakata bati, nikalikunja vizuri, nikalifunga juu ya injini lifunike kila kitu. Juu ya bati nimeandika saba, namba ya Kaka.

Shemeji aliporudi aliiona saba. Akaisogelea. Akaifuta vumbi kwa upindo wa nguo yake, ingawa haikuwa na vumbi. Akasema hakujua kama nina moyo wa namna hii. Akasema tangu msiba hajaniona nikidondosha hata chozi moja, akadhani sijali, na sasa anaomba radhi. Akaniambia lia tu, shemeji, kujizuia namna hiyo kutakuumiza. Nikamjibu mimi nimejikaza kisabuni. Kulia ni kupoteza nguvu.

Alitaka kulifunua bati aone chini yake. Nikamwambia rangi bado mbichi.

Ijumaa, 7 Juni

Siamini! Fundi Miwani amekuja jioni ameshika kofia ngumu ya Kaka, ile ya kuendeshea. Amesema amefikiri sana. Hawezi kuivaa na mdogo wa marehemu amesimama pembeni anatazama. Kaniambia endesha wewe, bwana mdogo, ni haki yako. Shemeji kakubali. Mama kalia.

Kumbe ningesubiri siku moja tu, bila njama yoyote!

Nilikwenda gerejini kuzifungua zile bolti. Kweli nilikwenda. Spana nilikuwa nayo mkononi. Lakini rangi ilikuwa imekauka vizuri sana. Na kuendesha tu kuna faida gani? Nataka kushinda. Nataka nimwambie Mama kwamba gari la mwanawe limewaacha wote. Nikairudisha spana.

Fundi Miwani kaniusia nisiuamini sana mshale wa joto. Kidude kinachopima joto lazima kiwe ndani ya maji, kikikaa kwenye mvuke kinadanganya. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Nilikuwa naijaribu kofia. Inanipwaya. Nimeweka soksi mbili ndani. Bado inanuka mafuta ya nywele ya Kaka. Niliivua haraka.

Jumamosi, 8 Juni

Sina hamu ya kuandika. Naandika.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Bendera ikashuka, nikaondoka mshale! Kona ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Watu wanapiga kelele. Mshale wa joto umetulia kabisa, hata unashuka. Nikasema, ona, Kaka, ona jinsi mvuke unavyosukuma! Nikakanyaga mafuta hadi mwisho.

Kona ya tatu nikasikia harufu tamu, kama sukari inaungua. Nyuma yangu moshi mweupe umeziba barabara. Mshale bado umetulia. Injini ikakohoa. Ikakohoa tena, kwa ndani, vile alivyokuwa akikohoa Kaka siku zile za mwisho. Kisha ikanyamaza. Nikabonyeza swichi. Nikabonyeza. Upepo tu kilimani, na soksi moja imenishukia jichoni.

Tumerudi gari likiwa juu ya lori. Shemeji akalifungua bati. Akaziona bolti nne nyekundu. Nilingoja matusi, hakutoa hata moja. Alikwenda kunawa mikono, akanawa, akanawa, akanawa, maji yanatiririka. Fundi Miwani aliishika hedi kwenye mwanga, akanionyesha ufa mrefu kati ya vali, vile vizibo vya kupitishia hewa na moshi, nyuma kabisa. Kasema chuma kile hakichomeleki. Sauti ya Kaka ilikuwa humo.

Mama aliuliza tumeshindaje. Nikamwambia tumekuwa wa kwanza.

Jumapili, 9 Juni

Saa za gari zimefika. Mama kageuza kiti dirishani na mapema kajifunika sweta magotini. Shemeji kajifungia jikoni, hatoki. Mama anangoja. Anauliza leo vipi. Anangoja.

Nikapata wazo. Nikachukua pipa tupu la mafuta, nikaliinamisha chini ya dirisha, nikaingiza kichwa ndani na kunguruma. Vrrrum! Nilianza polepole, kama linavyopasha moto, kisha nikapandisha. Nilitia bidii mpaka masikio yakaziba. Nilidhani naifanya vizuri sana.

Nilipotoa kichwa Mama alikuwa ameegemea dirisha. Akasema, mwanangu, gari la kaka yako halikuwa likivuta pumzi katikati. Akauliza limekufa? Nikasema limekufa, Mama. Akauliza ni wewe? Nikasema ni mimi. Akalipapasa lile sweta. Kisha akasema sawa, lakini usiache, ngurumisha kidogo tena.

Nikarudisha kichwa pipani. Sauti ikatoka nyembamba kama ya mbuzi. Machozi yalinilengalenga. Nikajikaza. Pipa lile lina kutu nyingi, linawasha macho.

Jumatano, 12 Juni

Shemeji hasemi nami ila kupitia chumvi: ipo pale, ipitishe huku. Nimemwambia kosa ni la Fundi Miwani, angenieleza kwa ukali zaidi. Akainuka mezani.

Fundi Miwani naye ana gari lake, anajijengea nyumbani kwake tangu zamani, injini ya aina ileile. Amelifungua. Ametoa hedi moja kwenye gari lake mwenyewe, kaileta hapa ameipakata kama mtoto mchanga. Lake limebaki kinywa wazi uani kwake, limefunikwa turubai. Shemeji alilia alipoiona. Mama alimshika mkono yule mtu asiuachie.

Kujipendekeza tu. Hata hivyo nimemwekea chai, kwenye kikombe kile cha bluu. Vingine vilikuwa vichafu.

Jumapili, 23 Juni

Limewaka!

Wiki nzima wamefunga na kukaza, Shemeji anashika taa, Fundi Miwani anainama, mimi nimekatazwa kuvuka mlango wa gereji. Leo wameniruhusu kusimama karibu, mikono mfukoni. Vibomba vyote vinne vimerudi mahali pake. Bati langu wamelitupa, lakini kipande chenye saba Shemeji amekikata na kukipigilia mlangoni.

Akabonyeza swichi. Injini ikanguruma na dirisha la Mama likatetemeka. Tulingoja. Mama aliinamisha kichwa, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko siku zote, mpaka nikaogopa. Kisha akasema huyo. Huyo, huyo, huyo amerudi. Shemeji akalia kwa sauti pale pale, ameegemea mlango. Fundi Miwani akavua miwani na kujifuta kwa mkono wenye grisi, uso mzima ukawa mweusi. Mama analia na kutabasamu. Mimi peke yangu nimesimama wima. Kifua kilinibana hata kupumua kukawa taabu. Kaka amekufa na nilimpenda na sijui niiweke wapi hali hii. Nikakaza.

Wameingia ndani kula. Injini imebaki inazunguka taratibu, wameniambia niitazame tu, nisiiguse. Nikainama karibu na lile tangi. Fsss. Fsss. Pale pale, vilevile, kama zamani. Kila fsss, kitu cha Kaka kinatoka kinakwenda hewani na hakuna anayekizuia.

Nimepapasa mfukoni. Kuna bolti moja ilibaki, bado ina rangi nyekundu.

Sasa najua nilikosea wapi. Niliziba vinne. Vinne ni vingi mno, hata mtoto angejua. Jumamosi Shemeji atampeleka Mama kwa daktari wa macho. Nitaziba kimoja tu, cha nyuma kushoto, ambako haangalii mtu. Kimoja hakiwezi kuua.