Matone Matatu kwa Ndoo

Profesa aliingia saluni kukwepa mvua, si kunyolewa, maana upara wake ulikuwa umeshamaliza kazi hiyo. Uprofesa wenyewe alipewa na wacheza karata wa mtaani kwa sababu ya miwani. Alimkuta Mama Saluni amesimama mbele ya tangi la kioo, machozi yanamtoka, samaki watatu wanaelea matumbo juu.

"Jana tu nimewabadilishia maji, mwanangu. Maji masafi, ya bomba!"

Profesa akainama, akayanusa. Zamani aliwahi kuwa mlinzi kwenye mtambo wa maji kwa wiki tatu, kabla hajakutwa amelala. Katika wiki hizo alijifunza jambo moja tu: maji ya bomba hutiwa klorini kuua vijidudu, klorini hiyo humuunguza samaki matamvua anayopumulia, na ukiyaacha maji kwenye ndoo wazi siku nzima, klorini huondoka yenyewe. Bure kabisa.

Mtu mwema angemwambia. Na Profesa, nimtendee haki, alifungua mdomo amwambie, lakini kilichotoka ni hiki:

"Pole sana, mama. Dawa yake ipo, ila inatoka mbali."

Dawa ilitoka jikoni kwa dada yake: maji, rangi ya buluu ya keki na pipi moja ya mnanaa iliyoyeyushwa, vyote ndani ya kichupa cha matone ya macho. Akaiita Tulizo. Usanii ulikuwa kwenye maelekezo: jaza ndoo maji ya bomba, tia matone matatu, acha ndoo wazi tangu asubuhi mpaka asubuhi ili dawa ipumue, ndipo umimine tangini.

Umeuona ujanja? Kusubiri ndiko kunakofanya kazi yote, sifa zinachukuliwa na matone. Mimi nimekaa ofisini miaka mingi, mpangilio huo naufahamu.

Samaki wakaacha kufa. Mama Saluni akawa wakala, chupa zikaenda kama karanga. Mimi ninayekusimulia nilinunua tatu, na samaki sina. Niliambiwa zimebaki chache.

Kwa shukrani, Mama Saluni akampa Profesa samaki mwekundu mwenye mkia mpana, pamoja na tangi lake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu Profesa alimpenda. Alimwita Bosi. Alikuwa analala kwenye kochi sebuleni kwa dada yake, kichwa kimeelekea tangini, na mtu ambaye hajawahi kumwambia binadamu ukweli alimweleza Bosi kila kitu. Bosi hakumkatiza hata mara moja.

Dada yake, yeye, alishachoka. "Kaka, mwisho wa mwezi uwe umepata chumba chako. Shemeji yako naye anataka kukaa kwenye kochi lake."

Bahati ikamjia kwa sura ya daktari wa meno, aliyekuwa na tangi kwenye chumba cha kusubiria ili wagonjwa wasisikilize kelele za wenzao. Daktari alitaka kuinunua Tulizo yote, siri na jina, aiuze kwa kila kliniki mjini. Bahasha ilikuwa nene: chumba, kitanda, hata kochi la Profesa mwenyewe. Sharti lilikuwa moja. "Nataka kumwona samaki wako. Nakuja saa nane mchana."

Saa saba na nusu Profesa akalitazama tangi. Maji kijani tupu, Bosi haonekani. Akashika ndoo, akafungua bomba. Moyo ukamwambia, subiri wewe, haya maji ni mabichi. Lakini kwa miezi mitano alikuwa ameyasifia matone yale asubuhi na jioni, kwa sauti ile yake ya upole, na hatimaye alikuwa amemshawishi mtu wa mwisho mtaani, yaani yeye mwenyewe. Akatia matone matatu. Halafu, kwa kuwa ana haraka, akatia chupa nzima, akamwaga maji ya kijani na kumimina haya tangini.

Saa nane kasoro dakika tatu Bosi alikuwa juu ya maji, anahema. Mlango ukagongwa.

Daktari aliingia na bahasha mkononi. "Ndiye huyo?"

"Ndiye. Anapumzika."

"Mbona amelala ubavu?"

"Ndiyo maana nikaiita Tulizo."

Amini usiamini, daktari aliridhika. Akanyoosha bahasha. Ilibaki Profesa naye anyooshe mkono. Akamtazama Bosi, na Bosi akamtazama kwa jicho moja, lile lililoelekea juu.

"Mjinga mimi!" Profesa akaangua kilio, kilio cha kweli. Akamchota Bosi kwa bakuli, akavuka barabara mbio hadi saluni, daktari nyuma yake na bahasha yake.

Ndoo nne zilikuwa zimepangwa ukutani, wazi, na maji ya tangu jana. Juu ya rafu kulikuwa na safu ya chupa za Tulizo ambazo hazijafunguliwa hata moja.

"Mama, kwani hutumii matone?" Profesa akanong'ona.

"Niliacha mwezi wa pili tu wa biashara," Mama Saluni akamjibu kwa sauti ya chini. "Siku moja nilisahau kutia, nikaona samaki wazima kabisa. Lete huyo kabla hajafa!"

"Na hukuniambia?"

"Niharibu biashara? Ninauza kuliko wewe."

Akammimina Bosi ndooni. Wateja wakainua vichwa kutoka kwenye mashine za kukaushia nywele. Mkia ukatikisika, Bosi akakaa sawa, akaanza kuizunguka ndoo kama mwenye nyumba. Profesa akakaa chini sakafuni, kwenye nywele za watu.

Daktari akapiga makofi. "Mama, humu umetia nini?"

Kumuumbua Mama Saluni kulikuwa rahisi. Profesa angesema tu kwamba maji yamesubiri na matone ni pipi. Akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena, sawasawa na Bosi.

"Hiyo ni siri ya biashara, daktari," akasema Mama Saluni. "Lakini tukielewana, nakupa." Bahasha ikaingia kwenye pochi yake, ikimpita Profesa karibu na pua.

Mwisho wa mwezi Profesa alihamia stoo ya saluni. Kazi aliyopewa ni kujaza ndoo asubuhi na kuzingoja.

Juzi nilipita pale, nilikwenda kununua chupa ya nne. Nikamkuta ameinamia ndoo ya Bosi, maji ya tangu jana. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akatoa kichupa mfukoni. Moja, mbili, tatu.

"Profesa! Si unajua hiyo ni pipi?"

"Najua," akasema, akifunga kifuniko taratibu. "Lakini kwa Bosi siwezi kubahatisha."