Jinsi ya Kulilaza Ua la Kengele

Jumamosi, 8 Machi

Nimegundua jambo! Kichaka cha maua ya kengele cha Mama kina upara. Pembeni kimejaa majani, katikati pakavu kama kichwa cha Baba. Kitabu changu cha bustani kinasema huo ni uzee. (Ni cha Kiingereza. Mgeni alikisahau kwenye loji anakopika Mjomba Hhando, juu kule ukingoni mwa kreta.) Dawa yake: chimbua, gawanya, panda upya. Kichaka kimoja huzaa vichaka vingi.

Nimemweleza Mama. Amesema marehemu Bibi alikileta kutoka Oldeani alikokuwa akichuma kahawa, hakijawahi kugawanywa na mtu na hakijawahi kulalamika. Rhotia nzima hakuna kingine. Tena ameshaahidi mbele ya jumuiya: Pasaka hii zamu ya kupamba altare ni yetu, na maua yatatoka uani kwake. Nisikiguse.

Kesho alfajiri anakwenda Mbulu kumhudumia mama mdogo aliyejifungua. Kazi yangu ni kumwagilia tu.

Kumwagilia tu! Mtu wa kidato cha tatu!

Jumapili, 9 Machi

Kwaresima. Altare haina hata jani. Baada ya misa alinifuata Piusi, jirani yetu, tunasoma darasa moja. Akasema mama yake ameshaona maua ya plastiki dukani kwa Mwanamisi, Karatu mjini. Mekundu, yana mpaka umande wa gundi. Kengele zetu zikigoma, yatapanda altareni hayo. Akaongeza kwamba plastiki haihitaji mvua, mbolea wala Profesa.

Profesa ni mimi.

Nilitaka kumjibu. Jibu zuri sana lilinijia nilipofika nyumbani.

Plastiki, siku ya Ufufuko! Haiwezekani. Kichaka lazima kigawanywe. Nitaijaza altare kengele mpaka padre akose pa kuweka kitabu.

Jumatatu, 10 Machi

Tatizo. Kitabu kinasema gawanya majira ya kuchipua, mmea unapoamka kutoka usingizi wa theluji. Nilikwenda kumuuliza Mwalimu Soila wa jiografia. Nilisimama nje ya ofisi mpaka akatoka mwenyewe akaniuliza nimefukuzwa na nani. Akasema sisi tuna masika, vuli na kiangazi. Majira hayo mengine hatuna, na wenye nayo wasituhangaishe.

Sasa nawaza. Kama kwetu hakuna theluji, basi kichaka cha Bibi hakijalala tangu Oldeani. Hata siku moja! Mmea huchoka? Upara ule ni uzee, au ni kukosa usingizi? Kitabu kimenyamaza. Ni wazi mwandishi hakuwahi kufika Rhotia.

Kwa hiyo: kwanza kilale. Halafu kiamke. Ndipo nigawanye.

Jumatano, 12 Machi

Baridi imepatikana! Hasna, dada anayeuza barafu za vifuko nje ya lango la shule. Nilitaka za maji matupu. Akasema maji matupu nani anunue, zipo za ubuyu. Akaniuliza wageni wangu ni wangapi. Nikasema ni mmoja, hapati usingizi. Akanipa pole.

Nimezipasua, nimezipanga kuzunguka kichaka, nimefunika kwa gunia. Nikaingiza mkono. Baridi kweli! Nadhani kinasinzia.

Alhamisi, 13 Machi

Sisimizi. Wa Rhotia yote, na nadhani wa Karatu pia. Sikujua ubuyu una sukari kiasi hicho.

Baba alisimama akatazama ule wekundu udongoni, akauliza ni kuku gani amechinjwa hapa bila yeye kuitwa mezani. Nikasema ni mbolea. Akaondoka bila kuridhika, akihesabu kuku.

Jumamosi, 15 Machi

Baridi ya kununua ni ya kitoto. Kule juu ya kreta ipo ya bure! Mjomba Hhando husema asubuhi ukungu ni mzito mpaka nyati wanajikwaa kwenye ngazi za jiko. Alipopita kutusalimia nikamwomba akipeleke kichaka kikalale huko kidogo. Akacheka sana. Lakini mjomba ni mjomba, hakatai. Nimekichimbua chote, nimekitia kwenye ndoo, nimekifunika kwa kitenge cha Mama. Kimeondoka na gari la wafanyakazi.

Mchana kimerudi. Kwa bodaboda!

Mjomba amepiga simu. Anasema askari wa getini aliinua kitenge akauliza huyu naye ni nani. Mjomba akasema ni mmea, unakwenda kupumzika. Askari akasema mmea wa kutoka nje hauingii hifadhini, hata uwe umechoka namna gani. Kisha akamwita mwenzake, akamtaka Mjomba arudie kueleza.

Jumapili, 16 Machi

Kichaka kimelegea ndani ya ndoo. Mvua imeanza. Hakuna tena muda wa kulala. Nimegawanya.

Kitabu kinasema kila kipande kiwe ukubwa wa ngumi. Lakini ngumi chache ni maua machache! Nimekata ukubwa wa kidole gumba.

Ajabu: mzizi ukikatwa unatoa maziwa! Meupe kabisa. Niliketi nikiyatazama mpaka maharage yakaungua. Yanatoka wapi? Yalikuwa yanakwenda wapi? Nimeonja. Si maziwa. Na kwenye upara mizizi ni migumu kama kuni, imekufa, lakini ya pembeni ni laini, ina vichipukizi kama meno ya mtoto. Bibi alijua haya?

Nimepanda uani kote. Vidole gumba vimesimama mistari kama gwaride.

Jumapili, 23 Machi

Mama amerudi.

Alisimama uani, mkoba bado begani, akauliza kichaka kiko wapi. Nikamwonyesha: hapa, na hapa, na kule nyuma ya choo. Alichuchumaa, akashika jani moja lililonyauka, akalitaja jina la Bibi kwa sauti ya chini. Basi. Akaingia jikoni.

Sikula.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Vipande vingi vimekufa, hasa vya kwenye upara. Vya pembeni vimeshika na vina majani mapya. Maua? Hata tumba moja hakuna. Nimefika ukurasa ambao sikuwa nimeufikia: kichaka kikigawanywa kinaweza kupumzika mwaka mzima kabla ya kuchanua.

Kupumzika! Si ndicho nilichokitaka tangu mwanzo?

Jioni jumuiya ilikutana kwetu. Mama akasimama akasema maua aliyoahidi hayapo, kwa sababu binti yake alitaka yawe mengi. Watu wakacheka. Nikainama nikakitazama kitako cha sufuria kana kwamba kimeandikwa kitu. Mama Piusi tu hakucheka. Akasema, Mama Laurencia, kaa, mwenzangu, ya plastiki nimeshayachukua. Mama hakukaa. Akasema vipande vilivyoshika vitagawiwa, kila nyumba kimoja, maana ameona ahadi ya watu wote haifai kukaa uani kwa mtu mmoja. Wakapiga makofi.

Kwa hiyo mpango wangu umefaulu? Sijui. Mama hakunitazama.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Plastiki altareni. Padre alinyunyiza maji ya baraka, lakini umande wa gundi uling'aa kuliko maji yenyewe. Nyuki mmoja akaingia kanisani, akakagua ua moja baada ya jingine, akakata tamaa, akatua kwenye pua ya katekista. Piusi alikuwa amejiandaa kunicheka mimi. Ikabidi amcheke katekista.

Baada ya misa Mama aligawa mimea kwenye makopo. Mama Piusi akaupokea wake kwa mikono miwili. Piusi akaniuliza wataupanda wapi. Nikamjibu kwa sauti. Papo hapo, sikungoja kufika nyumbani!

Nyumbani tumebakiwa na mmoja, ulio mkubwa kuliko yote. Mama ameupanda palepale alipopanda Bibi. Kisha akanitazama, mara ya kwanza tangu arudi, akaniambia nisiuguse mpaka Pasaka ijayo. Nimeahidi. Kwa moyo wote.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Swali moja linanisumbua. Kule chini kunaendeleaje? Majani yanaonekana mazima, lakini hata ya plastiki yanaonekana mazima. Majani si ushahidi.

Mama alipokwenda sokoni nimeuinua kidogo tu. Kwa kijiko.

Mizizi mipya! Myeupe, myembamba kama nywele, imeukumbatia udongo pande zote. Sijaona kitu kizuri namna hiyo. Ilikuwa imeshika kabisa.

Nimeirudisha. Mmea umeegemea upande mmoja, kama mtu anayesikiliza jambo. Lakini mmea mmoja hauthibitishi kitu. Kesho nitapita kwa kina Piusi niwasalimie, nione wa kwao.

Nitabeba kijiko.